Mtoto akipata joto usiku, nikimbie au ningoje?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mvulana wa miezi saba. Tunaishi Kayole, Nairobi, chumba kimoja, mimi na mume wangu, na kwa sasa mama mkwe aliyetoka Busia kuja kunisaidia nilipojifungua. Mume wangu ni mlinzi na wiki nyingi huwa kazini usiku. Naandika nikiwa nimeketi sakafuni kando ya kitanda, kwa sababu nikilala juu nitapitiwa na usingizi, na naogopa usingizi.

Kuna usiku mara tatu ambazo lazima nikueleze.

Mara ya kwanza mtoto alikuwa na wiki tano. Ilikuwa ile baridi ya Julai. Nilimgusa nikaona anachoma, nikaita teksi, nikamkimbiza hospitali moja ya kibinafsi. Tulisubiri zaidi ya saa tatu. Daktari akamvua marvin (ile kofia ya sufu), sweta mbili na blanketi, akamwacha kidogo kisha akampima tena. 37.1. Akasema nimemfunika kupita kiasi. Teksi, kadi na vipimo vilifika shilingi 4,300, na hizo zilikuwa za kodi ya nyumba. Niliporudi mama mkwe alisema, "Huyu mtoto si yai." Mume wangu akacheka. Nami nikacheka pamoja nao, lakini iliniingia.

Mara ya pili alikuwa na wiki saba. Saa tano usiku alikuwa na shati moja tu na bado anachoma. Nilikuwa nimenunua kipimajoto. Kwapani kilisoma 38.2. Mama mkwe aliniambia ameshalea saba, kwamba joto la usiku huondoka kukipambazuka. Nilimpigia mume wangu, akasema ningoje atoke kazini saa kumi na mbili twende pamoja. Lango la ploti lilikuwa limeshafungwa. Nikazikumbuka zile 4,300. Nikangoja.

Mtoto akalala. Shangazi, nilifurahi. Nilijiambia amepata nafuu. Hakuamka kunyonya saa saba wala saa tisa. Kufika saa kumi na moja matiti yangu yalikuwa magumu kama mawe, maziwa yamelowesha gauni mpaka kiunoni, na mwenyewe hakuwa ameyadai. Nilimwekea titi mdomoni, mdomo ukabaki wazi tu. Nilimfunga lesso kifuani nikapanda boda.

Walimtoa damu, mkojo na maji ya uti wa mgongo. Yalikuwa maambukizi ya njia ya mkojo ambayo yalikuwa yameshaingia kwenye damu. Tulikaa wodini siku kumi kwa sindano. Pale mapokezi muuguzi aliniuliza joto lilianza lini. Nikasema alfajiri. Nilidanganya, Shangazi. Jambo hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Alipona kabisa. Ana kilo nane, anakaa, anacheka na kila mtu. Mimi ndiye sikupona. Nampima mara sita au saba kwa siku, na usiku naweka kengele ya simu. Katika miezi mitatu nimempeleka hospitali mara tano. Zote mafua, isipokuwa mara moja ilikuwa chanjo. Ya mwisho ilikuwa wiki jana saa saba usiku, 38.4, na tulipofika mtoto alikuwa akivuta kitambulisho cha mlinzi wa mlangoni na kucheka. Tukalipa 2,800. Kesho yake mume wangu alichukua kipimajoto akakiweka juu ya kabati, akasema mtoto haugui, anayeugua ni mimi.

Naomba unisaidie. Nikingoja, naweza kumpoteza. Nikikimbia, naipoteza nyumba. Mama mwenye akili timamu hujuaje ni usiku upi?

Mama Asiyelala, Kayole

*

Marahaba, mwanangu.

Nilifanya kazi ya uuguzi kwenye wodi za watoto kabla ya kupewa safu hii, na barua yako nimeisoma mara tatu. Siwezi kumpima mtoto kwa karatasi, na hakuna lolote nitakaloandika hapa linalopaswa kumzuia mama ambaye moyo wake umemwambia aende. Ila naweza kukaa nawe hapo sakafuni kidogo tufikiri pamoja.

Nikikuelewa, unaniuliza mambo mawili na umeyafunga furushi moja. La kwanza ni la mtoto: homa ipi ni ya kukimbia nayo? La pili ni la ule usiku uliongoja, ambao umeubeba miezi mitano na nusu bila kuutua. Nadhani la pili ndilo linalokufanya usilione la kwanza vizuri.

Nianze na la mtoto. Unaandika kana kwamba aliyeugua akiwa na wiki saba na huyu wa miezi saba ni mtoto yuleyule. Kwa upande wa homa ni watoto wawili tofauti. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 3 bado kinga yake ni changa, na chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 ndiyo kwanza zinaanza kazi. Vijidudu vinaweza kuwa damuni, kwenye mkojo au kwenye utando wa ubongo, na dalili ikawa ni joto peke yake. Halii zaidi ya kawaida, wala hakohoi. Ndiyo maana kwa umri huo 38, hata ikisomwa mara moja, ni safari ya hospitali usiku huohuo, bila kumpa dawa ya kushusha joto na kusubiri. Mtoto mchanga anaweza hata kuugua vibaya kwa kupoa badala ya kuchemka: chini ya 35.5 ni hatari vilevile. Na mtoto mdogo anayelala akapitiliza nyakati zake za kunyonya hajapata nafuu. Titi lililojaa mpaka likalowesha nguo lilikuwa linakuambia kitu, nawe hukuwa na namna ya kujua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukueleza.

Basi hapo hapo tuitazame ile safari ya kwanza ambayo watu walicheka. Mtoto wa wiki tano, anachoma, mama anamkimbiza. Hilo lilikuwa sahihi siku ile na ni sahihi leo. Daktari alipokuta ni nguo tu, hukuwa umekosea, ulikuwa umepata jibu. Ninachokiona kwenye barua yako ni kwamba kicheko kile cha wiki ya tano ndicho kilichokuweka nyumbani wiki ya saba, pengine kuliko lile lango.

Huyu wa sasa, wa miezi saba, amepata chanjo zake za mwanzo na mwili wake umeanza kujifunza kupigana. Homa kwake mara nyingi ni kazi ya virusi vya mafua, ikaja na kuondoka kwa siku mbili tatu. Namba bado ina maana, lakini haibebi tena uamuzi wote. Anaweza kuwa na 39.2 akavuta kitambulisho cha mlinzi na kucheka, na mwingine akawa na 37.8 amelegea kama nguo iliyoloa. Huyo wa pili ndiye anayenitisha. Kwa hiyo ukishampima mara moja, weka kipimajoto chini umtazame mtoto.

Mtazame hivi. Mfunue kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa umri wa miezi 2 mpaka 12, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Tazama kama kifua kinabonyea chini ya mbavu akivuta hewa, kama anaguna kila anapotoa pumzi, kama midomo imegeuka rangi. Mpe titi. Akikataa kabisa kunyonya au akitapika kila kinachoingia, hapo huna haja ya kumpigia mtu simu kuuliza. Mwamshe. Akiamka akakutazama na kukutambua, sawa. Akiwa mzito kuamka, au analia kilio chembamba ambacho hukijui, usingoje. Pitisha kiganja kwenye utosi akiwa umempakata wima na halii: usiwe umevimba, wala shingo isiwe imekakamaa. Vipele ukivibonyeza na ukuta wa glasi vikabaki vilevile ni dharura. Kwa ngozi zetu nyeusi vitafute kwenye viganja, nyayo na ndani ya kope, kwani mgongoni havionekani kirahisi. Nepi kavu kwa saa nane na macho yaliyozama ni upungufu wa maji. Degedege ni hospitali hata likikoma lenyewe. Likianza, mlaze ubavu, mlegezee nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa. Na 40 ni ya kwenda, hata anacheka.

Asipokuwa na lolote kati ya hayo, usiku unaweza kukaa naye nyumbani ukimtazama, na asubuhi ukampeleka zahanati, hasa homa ikiingia siku ya tatu au usipoona chanzo chake. Na kwa sababu alishapata maambukizi ya mkojo, kila homa isiyo na mafua wala kikohozi, mwambie mhudumu historia hiyo na uombe mkojo upimwe siku hiyohiyo. Kwa mtoto wako hili ni muhimu kuliko kwa mtoto wa jirani.

Joto likimsumbua, parasetamoli ya maji inatosha. Dawa hiyo hupimwa kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo. Kwa kilo nane ni miligramu 120, ambazo kwenye chupa nyingi za hapa ziko ndani ya mililita 5. Soma chupa kwanza, kwa kuwa zile za matone ni kali zaidi. Tumia bomba la dawa badala ya kijiko cha chai, acha saa nne mpaka sita kati ya dozi, na zisizidi nne kwa siku. Usimpe aspirini. Maji baridi mwilini hayasaidii, humtetemesha tu. Ila nitakuonya: joto likishuka kwa dawa, hilo halikuambii kama ugonjwa ni mdogo au mkubwa. Mtazame tena baada ya saa moja, kwa zile dalili.

Sasa njia ulizo nazo. Unaweza kuendelea kukimbia kila joto linapopanda. Sitakucheka, na ukikimbia bure mara kumi ukampata wa kumi na moja, nitakuwa wa kwanza kukushukuru. Lakini njia hiyo nayo ina gharama zaidi ya 2,800: foleni ya usiku imejaa watoto wenye kikohozi, wewe hulali, na mtu aliyechoka hivyo huanza kuona ugonjwa kila mahali, na siku nyingine kutouona kabisa. Unaweza kufanya wafanyavyo wengi mtaani, kushuka kwenye duka la dawa na kununua antibayotiki. Hiyo naiogopa kuliko zote. Kwa virusi haifanyi kitu, na kwa mtoto kama wako inaweza kuficha maambukizi ya mkojo nusu nusu mpaka yafike damuni bila kelele. Au unaweza kumwachia mume wako aamue kwa simu akiwa langoni kwa watu. Lakini hamwoni mtoto. Uamuzi wa usiku ni wa aliye naye chumbani.

Kuna njia ya nne, nayo hufanyika mchana. Siku mume wako yuko nyumbani na mtoto ni mzima, ketini nyote watatu na kile kijitabu cha mama na mtoto, na mwandike kwenye ukurasa wa nyuma dalili ambazo zikionekana hakuna mjadala. Muandike pia nani ana ufunguo wa lango baada ya saa tano, namba ya boda mnayemwamini, na mnakwenda wapi. Kwa upande wenu wa jiji, hospitali ya Mama Lucy Kibaki hupokea watu usiku na mchana, ilhali zahanati nyingi za umma hufungwa jioni. Tengeni pesa kidogo kwenye simu ambayo si ya kodi. Kama bado hamjajiandikisha SHA, ile bima ya afya ya serikali, na kumwongeza mtoto, fanyeni sasa. Na mkifika mlangoni, usikae kwenye benchi kimya: taja umri, namba uliyopima na dalili uliyoiona. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kitaje ukilazimika.

Hasara ya mpango huu ni kwamba karatasi haina macho. Kutakuwa na usiku ambao dalili zote ziko sawa na bado moyo wako unakataa. Kubalianeni mapema kwamba usiku huo utakwenda, na kwamba asubuhi hakuna atakayecheka. Sijui kama mume wako atalikubali kwa urahisi. Lakini jiulize: alipokiweka kipimajoto juu ya kabati, ni mtoto aliyemchoka, au ameshindwa kukuona ukiteketea akatafuta kitu cha kufanya? Ule usiku wa wiki ya saba yeye pia alisema "ngoja". Huenda naye analibeba neno hilo akiwa langoni gizani, na hana wa kumwambia.

Na mama mkwe. Mwanamke aliyelea saba Busia ameona homa nyingi kuliko mimi na wewe, na huko homa ya mtoto mara nyingi ni malaria. Nairobi malaria ya hapa hapa ni nadra, kwa hiyo homa zenu zina sababu nyingine. Mkienda Busia Krismasi, homa yoyote huko, au katika wiki za baada ya kurudi, ipimwe malaria siku hiyohiyo. Siku moja muulize, kwa upole, walifanya nini usiku kituo cha afya kilipokuwa mbali na mtoto anachoma. Yawezekana kungoja hakukuwa hekima tu. Ndiko kulikokuwepo.

Nifike kwenye lile ulilosema hujamwambia mtu. Uliulizwa joto lilianza lini ukasema alfajiri. Mwanangu, nimesimama upande wa pili wa swali hilo mara nyingi sana. Akina mama hupunguza saa kwa sababu wanaona tunawahukumu, na pengine kweli tulikuwa tunawahukumu, kwa sauti au kwa jicho. Mtoto wa wiki saba asiyenyonya hutibiwa vilevile, liwe joto la alfajiri au la saa tano: damu, mkojo, maji ya mgongo, sindano papo hapo. Safari nyingine sema saa kamili, kwa faida yake. Lakini lile la nyuma, mwambie mtu mmoja. Ningeanza na mume wako, ila wewe ndiye unayemjua.

Saa sita za kungoja hazikuwa ndogo, sitakudanganya. Ulikuwa peke yako, una wiki saba tangu ujifungue, lango limefungwa, na watu wawili unaowaheshimu wamekuambia ungoje. Na saa kumi na moja hukumngoja mtu, ulipanda boda. Mimi nauona usiku wote huo, si nusu yake ya kwanza tu.

Kumpima mara saba kwa siku, kengele za usiku, kuogopa kulala: hayo nayo ni dalili, na yana msaada. Hofu ya aina hii huwapata akina mama wengi baada ya kujifungua, zaidi wale ambao mtoto wao alilazwa. Mwambie muuguzi wa kliniki kwa maneno yale yale uliyoniandikia, hata ukimsomea barua hii. Kwa sasa, jaribu jambo dogo: kipimajoto kirudi chini, kikae kwenye droo, kitolewe tu mtoto akionekana au akihisika tofauti. Na usiku mmoja kwa wiki, mume wako akiwa yuko nyumbani, yeye alale upande wa mtoto, wewe ukutani.

Atakapofika miezi 9 atachanjwa surua na rubela. Chanjo hiyo inaweza kuleta homa siku 6 mpaka 12 baadaye, wakati umeshaisahau sindano yenyewe. Iandikeni tarehe hiyo kwenye ule ukurasa wa nyuma, na ikija mtazame kama nilivyokueleza. Kisha niandikie, uniambie mlilalaje.

Shangazi